Kukaa na Wenye Historia: Mwongozo wa Kujitolea Kijijini

Mwaka 1968, chuo kilipofungwa kwa likizo ndefu, wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitawanyika vijijini, madaftari mkononi, kuwatafuta wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji. Wanahistoria wa chuo hicho, wakiwemo John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikuwa wamekwisha kupiga hesabu. Vita vilianza 1905, kwa hiyo mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule alikuwa sasa na miaka sabini na mitatu. Wakingoja muongo mmoja zaidi, mashahidi wangekuwa wamezikwa, na habari za vita hivyo zingebaki mikononi mwa Wajerumani waliovizima na kuviandika. Karatasi za wanafunzi wale zilihifadhiwa, na hadi leo ni vigumu kuandika jambo la maana kuhusu Maji Maji bila kuzipitia.

Hesabu hiyo haijaisha. Aliyekuwa na miaka kumi bendera ya Tanganyika ilipopandishwa mwaka 1961 yuko sasa katikati ya miaka ya sabini. Aliyepakiwa kwenye lori akiwa mtoto na kuhamishiwa kijiji kipya wakati wa Operesheni Vijiji, 1974, ana wajukuu. Na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuna watu waliokwisha kuliona hilo: makumbusho ndogo ya kijiji, kituo cha utamaduni, kikundi cha ngoma, kamati ya wazee inayotunza kumbukumbu za mahali pake. Baadhi yao hupokea watu wa kuja kuishi nao kwa wiki kadhaa au miezi, kula wanachokula na kushika kazi inayohitajika.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayefikiria kwenda: kijana aliyemaliza chuo na kungoja ajira, mwalimu mwenye likizo, mstaafu mwenye nguvu bado, au mzungumzaji wa Kiswahili aliyeko Muscat, London au Toronto anayetaka kurudi kwa muda akiwa na kazi ya kufanya. Unasimama juu ya sharti moja. Kila utakachokusanya ni mali ya waliokupa, na mipango yako yote, kuanzia kuchagua mradi hadi kupanda basi la kurudi, ipimwe kwa hilo.

Kuchagua mahali

Njia nyepesi kwa anayeanza ni kambi za kazi. Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole aliwakusanya watu wa mataifa yaliyotoka kupigana, Wajerumani wakiwemo, wakaenda kuishi pamoja na kukijenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa. Kwetu, Kenya Voluntary Development Association inaendesha kambi tangu 1962, na UVIKIUTA ya Chamazi, Dar es Salaam, imekuwa ikipokea na kutuma vijana wa kujitolea tangu miaka ya 1990. Kambi huwa za muda mfupi, chakula na malazi vimepangwa, na unakuwa na wenzako. Upungufu wake uko kwenye muda huo huo: historia ya watu haikusanywi kwa haraka, kwa hiyo kambi ichukuliwe kama nafasi ya kujijua kama unaweza maisha hayo.

Anayetaka kazi yenyewe hana budi kwenda kwenye mradi wenye mizizi mahali pamoja. Aulize mambo manne kabla ya kukubali lolote. Nani wanauongoza, na je, wanaishi hapo? Vitu na rekodi zilizokusanywa ziko wapi sasa? Waliojitolea kabla yako waliacha nini? Na kazi gani imekwama kwa kukosa mtu? Swali la tatu ndilo kali kuliko yote. Mradi uliopokea wageni kwa miaka mingi usiweze kuonyesha hata daftari moja la mahojiano, orodha moja ya vitu, kijitabu kimoja kilichobaki shuleni, umekuwa ukiuza malazi.

Mfano mzuri wa mahali penye mizizi ni Bujora. Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara iendayo Musoma, kama kilomita ishirini hivi, unafika Kisesa, na Bujora iko kilimani hapo jirani. Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza kazi pale katika miaka ya 1950. Kanisa alilijenga kwa umbo la nyumba ya mtemi, akaziingiza ngoma za Kisukuma katika ibada, na pamoja na wazee akaanza kukusanya vitu vya watemi. Serikali ilifuta utawala wa watemi mwaka 1963. Miaka mitano baadaye, 1968, Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa. Ngoma za utawala, viti vya enzi na mavazi ya watemi, vyote vilivyokuwa vimekosa kazi ghafla, vikapata pa kukaa. Banda moja limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Liko banda la vyama vya ngoma, iko nyumba ya mfumu, yaani mganga, na ya mhunzi.

Mahali hapa pangekuwa ghala tu la vitu vya kale kama si ngoma. Wasukuma wamegawanyika katika vyama viwili vya uchezaji, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila mwaka, msimu wa Sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, hushindana katika sherehe ya Bulabo, na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Wapo wanaocheza na chatu hai, wapo wanaorusha majembe kwa mdundo wa ngoma ya kulimia. Mgeni akiwauliza wazee wawili wa vyama tofauti nani alimshinda nani hapo zamani, atapata historia mbili kamili, kila moja na mashahidi wake. Aziandike zote mbili. Akijaribu kutoa hukumu, ameacha kazi yake na kuingia kwenye ngoma.

Msimu nao ni wa kuchagua. Juni hadi Agosti, baada ya mavuno, watu wana nafasi, ngoma zinachezwa na barabara zinapitika. Anayefika mvua za kupandia zikiwa zimeanza atawakuta wenyeji wako shambani alfajiri na hoi jioni, na maswali yake yatakuwa mzigo juu ya mzigo. Kama huna budi kwenda msimu huo, chukua jembe.

Mahali pengine panafundisha somo tofauti. Imbaseni, kijiji cha Umeru nje ya Arusha, kuna United African Alliance Community Center iliyoanzishwa 1991 na Pete O'Neal na mkewe Charlotte, anayejulikana sana kama Mama C. O'Neal alikuwa kiongozi wa tawi la Kansas City la chama cha Black Panther; alikimbia Marekani mwaka 1970 baada ya kuhukumiwa kwa kosa la bunduki, akapitia Algeria, akafika Tanzania 1972. Kituo chao kimefundisha vijana wa kijijini bure, lugha, kompyuta na sanaa, na kimewalaza wanafunzi wengi kutoka Marekani waliokuja kuishi, kufundisha na kujifunza. Michoro ya ukutani pale inasimulia mapambano ya watu weusi wa nchi ya mbali.

Lakini anayekwenda Imbaseni asiishie kwenye michoro hiyo. Yuko katika ardhi ya Wameru, na Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili mashamba yapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa. Watoto wa waliofukuzwa wapo, wengine wazee sasa. Kijana wa Marekani aliyekuja na habari za Panther, akiketi na mzee wa Kimeru mwenye habari za nyumba iliyochomwa moto, hapo ndipo mabadilishano ya utamaduni yanapoanza, maana kila mmoja ana cha kutoa. Ukijitolea mahali pa namna hii, moja ya kazi bora unazoweza kufanya ni kuwakutanisha watu hao na kukaa kimya.

Na kuna nyakati ambapo msaada mkubwa zaidi hauhitaji kulala kijijini kabisa. Old Moshi watu hawajasahau tarehe 2 Machi 1900, siku Wajerumani walipomnyonga mtawala wao, Mangi Meli, pamoja na viongozi wengine. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake alikidai kwa miongo mingi. Mwaka 2018 wasanii na wanaharakati wa Berlin walishirikiana na watu wa Kilimanjaro kutengeneza maonyesho juu ya habari hiyo, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliunganisha mafuvu kadhaa yaliyoko Berlin na ukoo hai wa Kichaga. Nyaraka za mambo haya ziko kwa Kijerumani, nyingine kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo hawausomi kwa urahisi. Mtanzania aliyeko Ujerumani, pengine aliyekwenda kwa mpango wa weltwärts ambao tangu 2013 unawapokea pia vijana wa kusini, anaweza kujifunza mwandiko huo na kukisaidia kijiji akiwa huko huko.

Kabla ya kufunga begi

Vibali vinachosha kuvieleza lakini ndivyo vinavyowarudisha watu uwanja wa ndege. Asiye raia akija Tanzania kujitolea haruhusiwi kutumia viza ya utalii. Wanaojitolea huomba kibali cha ukaazi daraja C, na ni mradi unaopaswa kukuombea kabla hujakata tiketi. Hili linamhusu pia aliyezaliwa Tanga akachukua uraia wa Uingereza. Kama mahojiano yako yatageuka kuwa tasnifu au kitabu, huo ni utafiti, na unahitaji kibali cha tume ya sayansi na teknolojia, yaani COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya. Raia anayejitolea nchini mwake hana safari hiyo ndefu, ila abebe barua ya utambulisho kutoka kwenye mradi, chuo au kazini.

Fedha zizungumzwe wazi. Mradi wa haki utakwambia malazi ni kiasi gani, chakula kiasi gani, na ni kiasi gani kinaingia kwenye mfuko wa kijiji. Lipa familia inayokulaza hata kama mwenye nyumba anasema usijali. Anasema hivyo kwa ustaarabu, na unga unanunuliwa. Dawa zako, bima na chandarua viwe vimeshughulikiwa kabla. Kwa wanaokwenda kandokando ya Ziwa Victoria kuna jambo la kuzingatia zaidi ya malaria: kichocho. Usioge wala kuogelea ziwani kwa sababu watoto wanaogelea, na ukirudi ukapime.

Siku za kwanza

Ukifika, hatua ya kwanza ni ofisi ya mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, usaini kitabu cha wageni na useme umekuja kufanya nini. Usimwachie mwenyeji wako aende kukueleza. Kisha wazee wenye heshima yao mahali pale, kisha shehe au padri au mchungaji kulingana na mahali. Mzunguko huu unaweza kula siku tatu nzima, na kijana wa mjini huuona kama kupoteza muda. Huo ndio mwanzo wa kazi, kwa sababu jioni ile ile watu wataanza kuulizana nani alimjua nani, na majina ya wanaofaa kuhojiwa yatakujia bila kuyatafuta.

Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi huwa na kosa lake maalum: kwa kuwa anajua Kiswahili, anadhani yeye si mgeni. Kwa mzee wa Kisesa, Kiswahili ni lugha ya mkutano wa hadhara na hospitali. Ukimuuliza kwa Kiswahili ilikuwaje mama yake alipoolewa, atakupa sentensi tatu safi. Mwache aseme kwa Kisukuma, mbele ya mtu anayemcheka na kumjibu, na utapata nusu saa. Kwa hiyo jifunze salamu, mwangaluka asubuhi na mwadila mchana ukisogea, shukuru kwa wabeja, halafu tafuta kijana wa hapo wa kufanya kazi pamoja nawe. Huyo alipwe, na jina lake liandikwe kwenye kila rekodi mliyofanya pamoja. Akiwa na hamu ya kazi, mpe kinasa sauti, wewe ushike daftari. Miezi michache ijayo yeye ndiye atakayebaki nacho.

Nyumbani, maisha ni ya kazi. Kuna kuchota maji, kufagia uwanja, kupukuchua mahindi, kukaa na watoto wakati mama yuko sokoni. Kula kilichopo, na ukikuta michembe na karanga kwa chai usiulize mkate. Mgeni wa kiume anayengoja kuandaliwa wakati dada wa nyumba amelima tangu alfajiri anajifungia mlango wa jikoni, na jikoni ndiko historia ya wanawake inakosemwa. Hili ni la kuzingatia sana. Katika mikutano rasmi wanaume watazungumza kwanza na watazungumza kwa niaba ya wote: vita, watemi, mipaka, siasa. Kisima kilikuwa wapi kabla ya bomba, mtoto gani alizaliwa mwaka wa njaa, nani alizalishwa na mkunga yupi, nyimbo gani ziliimbwa kwenye palizi, mahari ilipunguzwa lini na kwa nini, hayo yatatoka sufuria ikiwa jikoni. Mradi wenye watu wawili wa kujitolea, mwanamke na mwanamume, una bahati. Usio nao utafute msaidizi wa kike hapo kijijini na umwamini afanye mahojiano bila wewe.

Kuhoji na kurekodi

Usianze na kinasa sauti. Wiki ya kwanza sikiliza tu. Wiki ya pili, usiulize "historia ya kijiji", maana swali hilo huleta hotuba. Uliza juu ya kitu. Pale Usukuma, mwombe mzee akuonyeshe kadi ya ushirika kama anayo, au picha ya babake mbele ya ghala la pamba. Kadi hiyo itakupeleka hadi kwa kiongozi wa ushirika Paul Bomani na Victoria Federation of Co-operative Unions ya mwaka 1955, wakulima walipojipimia pamba yao wenyewe baada ya miaka mingi ya kulalamikia mizani ya wanunuzi. Itakupeleka kwenye jineri, kwenye baiskeli ya kwanza, kwenye ada ya shule iliyolipwa kwa marobota. Kwenye pwani kitu hicho kinaweza kuwa nyavu au kasha la arusi, na huko Imbaseni kinaweza kuwa mche wa kahawa.

Miaka ndiyo itakayokusumbua. Mtu hasemi "mwaka 1983", anasema "wakati wa Sokoine na wahujumu". Tengeneza jedwali la matukio kabla ya kuanza: Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji 1974, Vita vya Kagera 1978 hadi 1979, kampeni ya uhujumu uchumi 1983, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Ongeza ya kijiji chenyewe: nzige, mafuriko, kifo cha mtemi, mwaka shule ilipojengwa. Halafu uliza kila mara, hilo lilikuwa kabla ya lipi na baada ya lipi. Polepole tarehe zitajipanga.

Kuhusu vifaa, simu nzuri inatosha ikiwa imezimwa mtandao ili isiite katikati ya masimulizi. Jaribu sauti kwanza, kaa mbali na bati mvua ikinyesha na mbali na mashine ya kusaga. Kama programu inaruhusu, hifadhi kwa WAV, kwa sababu faili zilizobanwa hupoteza sauti hafifu ambazo baadaye msikilizaji wa lugha atazitafuta. Mwanzoni mwa kila rekodi sema tarehe, mahali, majina ya waliopo. Kisha omba ridhaa kwa sauti, kwa lugha anayoielewa mzee, maswali yakiwa matatu tofauti: naruhusiwa kuhifadhi sauti yako? watu wa nje waruhusiwe kuisikiliza? jina lako litajwe? Mtu anaweza kukubali la kwanza akakataa mengine mawili, na anaweza kubadili mawazo kesho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, lakini hata pasipokuwa na sheria jambo hili ni deni la heshima.

Usiku huo huo, kabla ya kulala, nakili faili sehemu mbili na uziandike majina yanayosomeka: mahali, jina, tarehe. Memori kadi moja ibaki kwenye mradi tangu siku ya kwanza. Watu wengi huahidi kutuma nakala wakifika nyumbani. Wakifika, kazi huwasubiri, simu huibiwa, na kijiji hubaki na ahadi.

Picha zina hadithi yake, na inatoka kwa Wamijikenda. Huko pwani ya Kenya, vigango ni nguzo za mbao zilizochongwa kwa kumbukumbu ya marehemu, na hazipaswi kung'olewa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango alivyosimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy akatambua kwamba kimoja kiko katika makumbusho ya Marekani, na kingine kikagunduliwa kwenye makumbusho nyingine huko huko. Picha ile, yenye mtu, mahali na mwaka, ndiyo iliyothibitisha vilikotoka, na mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa Kenya. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo ikakabidhi vingine 30, lakini hivyo havikuwa na picha wala jina la mwenyewe, na ni vigumu mno kujua ni vya ukoo gani.

Kwa hiyo piga picha, kwa ruhusa, na uandike kila kitu nyuma yake. Wakati huo huo usitangaze mahali vitu vya thamani vilipo. Picha yenye ramani ndani yake inaweza kumwelekeza mwizi, basi zima huduma ya mahali kwenye kamera. Na lazima atatokea mtu, pengine kijana mwenye shida ya kweli, akuletee kigoda cha babu au shanga za bibi ununue. Kataa kwa upole na umpeleke kwa kamati ya makumbusho. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inazuia kutoa vitu vya kale nchini bila kibali, na hata bila kuvuka mpaka, ukinunua kimoja leo kijiji kizima kitajua kesho kuwa wewe ni mnunuzi.

Yapo pia yasiyorekodiwa. Mambo ya jando na unyago, dawa za ukoo, maneno ya matambiko: mzee akisema hili halitoki, funga mashine, mnywe chai. Katika daftari andika tu kwamba jambo hilo lipo na nani analitunza, ikiwa ameruhusu hata hilo.

Je, wazee walipwe kwa kusimulia? Miradi haikubaliani. Mkalimani na msaidizi walipwe ujira, nauli ya mtu uliyemwita irudishwe, hilo halina mjadala. Kwa msimulizi, fuata desturi ya mahali na uamuzi wa kamati, na mara nyingi ni sukari, majani ya chai au sabuni, vikipelekwa baada ya mazungumzo na kwa kila mmoja sawasawa. Bei ikitajwa kabla ya simulizi, simulizi hurefuka kufuata bei.

Wiki za mwisho

Acha kuhoji mapema, angalau wiki mbili kabla ya kuondoka. Wakati huo ni wa kurudisha. Andaa jioni ya kusikiliza: kipaza sauti kidogo, viti kutoka shuleni, na vipande vya rekodi ambazo wenyewe wameruhusu zisikike. Watu watasahihisha majina, watabishana juu ya mwaka, na mtu aliyekaa kimya siku zote atasema babake ndiye aliyekuwa akipiga ngoma ile. Yaandike masahihisho hayo kando ya maandishi ya awali, na usifute la kwanza.

Kisha kabidhi kwa maandishi. Orodha ya rekodi zote kwenye karatasi, kwa Kiswahili, ikisema nani alihojiwa, lini, juu ya nini, na masharti gani aliweka. Nakala moja kwa mradi, moja kwa maktaba ya shule ikiwa masharti yanaruhusu, na kila familia ipewe sauti ya mzee wake kwenye flashi au memori kadi itakayoingia kwenye simu au redio yao. Onyesha watu wawili wa mradi jinsi ya kufungua faili hizo, na uwaangalie wakifanya wenyewe.

Yaliyobaki utayafanya kwa simu. Msaidizi wako ataendelea kuhoji, naye atahitaji vocha na mtu wa kumsomea alichonukuu. Wekeni siku moja kila mwezi ya kuzungumza. Ukiandika makala au kitabu, rasimu ipite kwanza kwa kamati na kwa waliotajwa, ikisomwa kwa sauti kwa asiyesoma, na upange miezi, maana barua ya kusahihisha jina la kijito inaweza kuchelewa. Ikifika, rekebisha kwanza nakala iliyoko kijijini, ndipo ya kwako.